Umekanyaga Wapi?

Ukimwamkia shikamoo, hakuitikia upesi. Alikutazama miguuni kwanza, tena kwa utulivu wa mtu anayekagua ng'ombe mnadani, halafu akauliza, "Umekanyaga wapi?" Jibu lako likimridhisha, ndipo marahaba ilipokuja, nayo ya kutupiwa tu. Nilimjua tangu nikiwa binti wa shule ya msingi, na mpaka leo mtu akibisha hodi kwangu huwa natazama viatu vyake kabla ya uso. Hayo ndiyo malezi aliyotuachia, na wala sikuyaomba.

Tulimwita Bwana Shamba. Serikali ilikwisha kumstaafisha, na baada yake walikuja mabwana shamba wengine, vijana wa pikipiki, lakini hao tuliwaita kwa majina yao. Yeye alibaki na cheo. Alivaa mabuti ya mpira jua likiwaka na mvua ikinyesha, na kwa kuwa kwetu jua ndilo lenye zamu ndefu, mara nyingi ulimwona anatimua vumbi ndani ya mabuti yaliyotengenezwa kwa ajili ya tope. Watoto walimcheka wakiwa mbali. Wakiwa karibu hawakucheka, maana alikuwa na fimbo, na hakuibeba kwa kutembelea.

Kijiji chetu kiko upande wa Chamwino, ukingoni mwa korongo ambalo sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Maji yako chini ya mchanga. Ukichimba kisima unayapata. Zamani kando ya visima hivyo tulilima nyanya na mboga za kula wenyewe. Ofisi zilipohamia Dodoma, wakaja watu wa maofisini na hamu zao, mojawapo juisi ya bitiruti, ati inaongeza damu. Basi kila mwanamke wa korongoni akawa na matuta ya bitiruti. Ni Bwana Shamba aliyetufundisha kuzipanda, na mbegu za kwanza alitugawia kutoka mfukoni mwake. Yeye mwenyewe bitiruti hakuila hata siku moja. Alisema ina ladha ya udongo, na udongo alikwisha kula wa kumtosha.

Ugonjwa uliomfanya awe alivyokuwa unaitwa kinyausi. Mbegu inaota vizuri, nawe unaanza kujisifu kwa majirani. Kisha shingo ya mche, pale unapotokeza ardhini, inakuwa nyeusi na nyembamba kama uzi ulioungua, na mche unalala. Jioni umesimama, asubuhi umelala, na wa pembeni yake unafuata. Hakuna wa kumlaumu, si mdudu wala mbuzi. Ugonjwa uko udongoni, nao husafiri na jembe, na maji yanayotiririka, na tope la nyayo za watu.

Sasa, kwetu mtu akipatwa na jambo, watu huenda. Hawasubiri kuitwa. Nyumba ikiungua wanakuja, ng'ombe akifa wanakuja, na matuta yako yakilala watakuja vilevile. Wataingia katikati ya matuta, watainama, watang'oa mche mmoja na kuugeuzageuza, watasikitika, "Pole, mama, pole sana," kisha kila mmoja atarudi bustanini kwake kuendelea na palizi. Hivyo ndivyo tulivyofanya mwaka ambao bitiruti za fundi baiskeli, jirani yetu, zililala kwa mara ya kwanza. Kijiji kizima kilikwenda kumpa pole. Kabla ya mwezi kuisha, nusu ya waliokwenda kutoa pole walikuwa wanapewa pole.

Bwana Shamba alituita penye kisima kikubwa. Hakutoa hotuba. "Kinyausi hakina miguu," alisema. "Mmekiazima ya kwenu." Kisha akapiga marufuku pole.

Watu walidhani anatania. Hakuwa anatania. Bustani iliyougua ilisimikwa mti wenye kitambaa cheusi, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia ila mwenyewe. Mwenyewe naye hakuruhusiwa kukanyaga bustani ya mtu mwingine. Anayetaka kumpa pole asimame njiani apaze sauti. Penye kila mlango wa bustani paliwekwa beseni la maji ya majivu la kuoshea miguu. Ilikuwa sheria ya mstaafu mmoja asiye na mamlaka hata ya kumfukuza kuku, na tuliitii wote kwa sababu iliyo rahisi: ilifanya kazi. Mwaka uliofuata bitiruti zilisimama korongoni kote, isipokuwa penye vitambaa. Mtu mkali ukimkuta anakosea unapata nafuu. Huyu kila mara alikuwa sahihi.

Katekista wetu alijaribu kumpinga mara moja. Aliingia kwenye bustani yenye kitambaa akiwa na rozari, akapiga magoti kati ya matuta aiombee. Bwana Shamba alikuja kwa mwendo wa mtu aliyesikia mwizi.

"Toka humo!"

"Ninaomba tu, Bwana Shamba."

"Omba ukiwa barabarani. Mungu ana masikio. Magoti yako ndiyo hayana akili."

Akamwosha magoti kwa maji ya majivu mbele ya waumini wake, akimsugua kwa gunzi la muhindi. Katekista alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Jumapili ile alihubiri juu ya Mafarisayo, na kila mtu kanisani alijua ni nani anayesemwa, akiwemo Bwana Shamba, aliyekuwa amekaa benchi la mbele.

Wakati mwingine alikuja bibi harusi, mgeni kabisa, msichana wa Kongwa. Mama mkwe wake alimpa tuta moja aonyeshe mikono yake. Kwa hamu ya kupendeza alilimwagilia asubuhi, mchana na jioni, mpaka udongo ukawa uji, na miche ikaanza kulala. Bwana Shamba alifika ukoo mzima ukiwa pale. Alipanda juu ya tuta na mabuti yake akalikanyaga kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayepiga sakafu. Kisha akayaosha mabuti. Msichana aliinama akalia juu ya yale matope.

"Chozi nalo ni maji," alimwambia. "Ondoka tutani."

Nimelisimulia hilo mahali pengi, na watu hucheka. Hata mimi nilicheka siku ile, Mungu anisamehe. Lilikuwa limesemwa vizuri mno. Lakini msichana yule huyohuyo, mwanawe alipokuja kumwagikiwa na uji wa moto, ni Bwana Shamba aliyempakia mtoto kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka hospitali ya wilaya. Alikaa kwenye korido hadi mtoto alipofungwa bendeji. Alipomrudisha kwa mama yake alisema, "Mtoto atapona. Wewe ndiye sijui." Huruma alikuwa nayo, tena nyingi. Alikuwa hajui kuitoa bila kuitia pilipili.

Mkewe alipofariki ndipo tulipoona kwamba hakuwa anatuonea sisi peke yetu. Beseni alilitoa bustanini akaliweka langoni pa nyumba yake. Waombolezaji walikuja kwa kanga na vilio, wakamkuta mfiwa amesimama na fimbo anaelekeza miguu yao kwenye maji ya majivu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na matuta yake, na watu wa msiba hukaa popote. Wengi waliona ni tusi. Walitoa pole zao kwenye uzio wakaondoka, kwa sauti ya njiani, kama alivyotufundisha. Mama yangu alivua kandambili, akaosha miguu, akaingia. Alikaa na maiti, akapika, akalala pale hadi matanga yalipoanuliwa. Bwana Shamba hakumshukuru. Mama aliporudi nyumbani nilimwuliza kwa nini alijidhalilisha hivyo. Akasema, "Mtu akifiwa unaingia ndani. Mengine ni yake."

Nikisema mama yangu, nafika kwenye sababu ya kumkumbuka mtu huyu kwa uchungu kuliko wenzangu.

Baba alipofariki, shemeji zake mama waligawana mashamba ya mtama mbele ya macho yake. Kilichobaki ni kipande cha miiba kando ya kisima, ambacho hawakukitaka. Mama alikifyeka kwa mikono yake. Hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa chake, na bitiruti zake zilikuwa nene kuliko za wote. Mwaka ule wa fundi baiskeli naye alikwenda kutoa pole, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kukaa nyumbani mwenzake akilia. Bitiruti zake zikalala. Bwana Shamba akaja, akainama, akapangusa vidole, akasimika mti na kitambaa.

"Nitapanda tena lini?" mama alimwuliza.

"Udongo utakaposema."

Namna yake ya kuuliza udongo ilikuwa hii. Kwenye dirisha la sebuleni mwake alipanga makopo ya maziwa ya unga, moja kwa kila bustani yenye kitambaa, ili, alivyosema, magonjwa yasichanganyike. La mama alilifunga uzi mwekundu. Kila mwaka kabla ya kupanda, mama alimpelekea udongo wa bustani yake umefungwa kwenye kitambaa. Bwana Shamba alimwaga udongo wa mwaka jana, akatia huu mpya, akapanda mbegu, akamwagilia kidogo. Kisha mama alingoja. Miche ikisimama, atapanda. Ikilala, atangoja mwaka mwingine.

Ililala. Mwaka uliofuata ikalala. Fundi baiskeli alichoka kuuliza akahamia Mtera kuvua samaki. Mwingine aligeuza bustani yake kuwa ya alizeti akamsahau Bwana Shamba na makopo yake. Mama peke yake hakuacha. Kila mwaka alikwenda na kitambaa chake cha udongo, na kila mwaka alirudi na neno lilelile: "Bado."

Ni rahisi kusema bado. Kwa mama lilikuwa na maana hii: alipanda mahindi yasiyotosha kitu. Alichota maji wa mwisho, wenzake wote wakishaondoka, asije akaacha tope lake kisimani. Kibarua cha palizi hakupata, maana nani angeikaribisha miguu yake? Wanawake wa korongoni huvuna kwa pamoja, bustani hadi bustani, kwa nyimbo. Mama alikuwa na sauti ya kuongoza. Mavuno yakianza alikwenda akasimama njiani, na wenzake walipoimba aliwaitikia kutoka kule. Siku moja Bwana Shamba alipita akamkuta hivyo, peke yake barabarani, anaimba.

"Sauti ruksa," alimwambia. "Miguu hapana."

Akaendelea na safari yake. Mama alimalizia kiitikio.

Nilimwambia apande tu, usiku au mchana, amdharau. Nilishakuwa mtu mzima wakati huo, nina kibanda changu cha chakula mjini karibu na ofisi, na nilikuwa na mdomo. Mama alinitazama kama nimemshauri kuiba. "Nikipanda zikalala, halafu zikalala za wenzangu? Nitawapa pole nikiwa wapi?" Alimwamini. Hilo ndilo lililonitia hasira: angalikuwa na chuki angepona, lakini alimwamini kabisa.

Mara ya mwisho kupelekewa udongo, Bwana Shamba alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Mpwa wake alimhamishia kitanda sebuleni, chini ya lile dirisha. Mama alikwisha kuzeeka, goti halikunjiki, akanituma mimi na kitambaa cha udongo. Nilibisha hodi. Kutoka ndani, kwa nusu ya mdomo, ikatoka sauti, "Umekanyaga wapi?" Nikaosha miguu. Nilikuwa nimeapa sitaosha, lakini niliosha.

Mkono wake haukuweza tena, kwa hiyo akaniagiza nifanye mimi. Kopo lilikuwa moja tu lililobaki dirishani, lenye uzi uliokuwa mwekundu. Nikamwaga udongo wa mwaka jana nje. Nilipotazama ndani nikaona ukoko mweusi umeganda kuanzia chini hadi karibu na mdomo wa kopo, tabaka juu ya tabaka, na ukijani wa ukungu pembeni.

"Hili mnaliosha na nini?" nikauliza.

"Naliosha ya nini? Unatoka udongo, unaingia udongo."

Mimi nimekulia kwenye nyumba ya maziwa. Kibuyu cha maziwa hatukioshi kikatakata. Tunaacha kidogo ndani makusudi, ili maziwa mapya yagande. Kila mwanamke wa huku anajua kwamba yaliyobaki ndiyo yanayoyageuza yanayoingia. Nilisimama na lile kopo mkononi.

"Bwana Shamba," nikasema, "hiki ni kibuyu."

Alilitazama kopo. Kisha akasema, "Tia kwenye mawili, hilo na jipya. Hapa. Nikiona."

Mpwa wake akanipa kopo jingine jipya. Nikalichemshia maji nikalisuuza. Udongo wa mama nikaugawa sawasawa, nusu kwenye kopo la zamani, nusu kwenye jipya, mbegu za pakiti moja, maji ya ndoo moja. Nikayapanga dirishani juu ya kichwa chake, mahali ambapo hakuweza kuacha kuyatazama.

Niliporudi kutoka mjini bitiruti zilikuwa zimekwisha kuota. Kwenye kopo jipya zilikuwa zimesimama, mashina mekundu, majani yametandazwa. Kwenye lenye uzi zilikuwa zimelala zote, shingo nyeusi. Mpwa alisema mjomba hakulala vizuri tangu ya kwanza ilipoanguka. Akiamshwa apewe uji, aliulizia makopo kwanza.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Bwana shamba ni wewe," nilimjibu.

Jicho lake la kushoto likatoa chozi, likateremka hadi sikioni asilifute. Sikulifuta. Nilimkumbuka yule msichana wa Kongwa, na mama yangu barabarani anaimba, na maneno yakanitoka yenyewe.

"Chozi nalo ni maji," nikamwambia.

Alifumba macho. Nilipofika mlangoni nikamsikia, "Mwambie apande."

Nilimwambia mama yote, kopo na ukoko na uzi. Nilitegemea alie, au alaani, maana laana alistahili. Aliuliza tu, "Zilikuwa zinasimama miaka yote hiyo?" Nikamwambia sijui ni miaka mingapi, lakini si michache. Akatikisa kichwa. Kesho yake aling'oa ule mti wenye kitambaa akautia jikoni ukapikia uji. Alipanda akiwa amekaa kwenye kigoda, akijivuta na kigoda chake kutoka tuta hadi tuta, kwa sababu goti halikukubali kuinama. Wale wenzake wa kuimba nao, mmoja amekufa, mmoja yuko kwa mwanawe Morogoro, mmoja haoni. Kisima alirudishiwa wakati wenzake wa kisimani wamekwisha.

Bitiruti zilisimama. Tulingoja hadi majani yakawa mapana, hakuna hata shingo moja iliyokuwa nyeusi. Asubuhi hiyo, baada ya kumwagilia matuta ya juu, mama akasema, "Twende kwa Bwana Shamba. Kuna pole yake."

Nilifikiri anakwenda kumsamehe. Ninamjua, na hivyo ndivyo ambavyo angefanya. Tulitembea polepole, yeye ameshika bega langu. Langoni lile beseni lilikuwepo, limekauka, majivu yameganda chini. Mama alisimama kando yake. Dirisha lilikuwa wazi na kichwa cha Bwana Shamba kilionekana kwenye mto. Mama akapaza ile sauti yake ya kuongoza, ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu.

"Bwana Shamba! Pole!"

Kichwa kikageuka. Alituona. Mdomo wake ulihangaika, na neno lilipotoka halikuwa lile tulilolizoea.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani, Mama Sechelela."

Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akimkaribisha mtu bila kumwuliza kitu kwanza. Mama akaitazama miguu yake. Ilikuwa na tope jekundu la maji ya asubuhi, mpaka kwenye vifundo.

"Nimekanyaga shambani kwangu," akamwambia. "Siwezi kuingia."

"Karibu," akarudia.

Mama alikuwa amekwisha kugeuka. Yule mzee akaita tena, na tena tulipofika kwenye kona, na mama akaniambia niongeze mwendo, matuta ya chini bado hayajamwagiliwa na jua linapanda.